Wiki ya Rangi

Mizani alipofikisha siku ya kumi na tisa bila kutoka chumbani, kampuni ilileta fomu. Aliyeileta hakubisha hodi mara mbili. Aliipenyeza chini ya mlango akaenda zake, kama mtu anayeogopa kuambukizwa. Mke wa Mizani aliiokota alipokuwa akitoka kwenda kazini, akaisoma amesimama, kisha akarudi ndani, akavuta kiti, akaisoma tena.

Mizani lilikuwa jina la kazini. Alikuwa mwendesha kreni kwenye yadi ya mizigo, na kwa miaka kumi na saba alishusha makontena kwa usawa kiasi kwamba wapagazi walikuwa wakiwekeana dau: weka glasi ya maji juu ya kontena, Mizani alishushe, tuone kama maji yatamwagika. Hayakuwa yakimwagika. Sasa mtu huyo alikuwa amelala ameupa ukuta uso, haogi, hali mpaka alishwe, na ukimwuliza nini kinamuuma anakujibu kwamba hakuna kinachomuuma, na hiyo ndiyo shida yenyewe.

Fomu ilitaka daktari bingwa wa magonjwa ya akili aandike ugonjwa wa mfanyakazi, si kwa maneno bali kwa namba. Nyuma yake kulikuwa na safu mbili za namba zilizochapwa kwa herufi ndogo za kuumiza macho. Waliokuwa na namba za safu ya kwanza, wakitibiwa wakapata nafuu, wangerudi kwenye mtambo. Waliokuwa na namba za safu ya pili wasingerudi kwenye mtambo maisha yao yote.

Mke mwingine yeyote angehangaika kumtafuta wa kumfafanulia. Huyu hakuhitaji. Alikuwa karani wa masjala katika kitengo cha magonjwa ya akili cha hospitali kuu, na kwa miaka ishirini na miwili kazi yake ilikuwa hiyo hiyo: daktari akimaliza na mgonjwa, faili linapitishwa dirishani, karani anasoma kilichoandikwa, anafungua kitabu kinene cha magonjwa, anaitafuta namba, anaiingiza kwenye rejista. Alianza na kitabu cha zamani. Kilipoletwa kipya, alikaa mwaka mzima akiwahamisha watu kutoka namba za zamani kwenda namba mpya, na wengine walilala na ugonjwa mmoja wakaamka na mwingine bila wao kujua. Hilo halikuwahi kumnyima usingizi. Alikuwa akitania kwamba anaujua wazimu wote wa dunia na hajawahi kuuona hata mmoja, kwa kuwa dirisha lake lilipitisha makaratasi tu.

Kwa hiyo macho yake yalitafuta namba mbili na kuziona mara moja. Thelathini na mbili ilikuwa sonona, huzuni ile isiyobanduka, na ilikuwa safu ya kwanza. Thelathini na moja ilikuwa ya wale ambao leo wako juu hawashikiki na kesho wako chini hawainuki, na ilikuwa safu ya pili. Zilikuwa namba jirani, kama vyumba vya nyumba ya kupanga, lakini mlango wa kimoja ulifungukia kwenye kreni na wa kingine ulifungukia barabarani.

Mama mkwe, ambaye alikuwa amehamia pale tangu wiki ya pili ili amnyweshe mwanawe supu, aliambiwa jikoni kwamba ikiwa ni thelathini na mbili basi wamepona. Akauliza thelathini na mbili za nini. Karani akamwambia ni za huzuni. Bibi akasema huzuni ya mwanawe haihitaji namba, yeye ana macho.

*

Kwenye kitengo kulikuwa na benchi refu la mbao ambalo karani alikuwa amelipita kwa miaka yote hiyo, mafaili kifuani, bila kumtazama aliyekalia. Siku hiyo alilikalia. Mizani aliketi kati ya mkewe na mama yake, amevaa ndara, kwa sababu kufunga kamba za viatu kulikuwa kumemshinda na hakutaka afungiwe.

Aliyekuwa kwenye dirisha la kadi ni mwenzake ambaye walikunywa chai pamoja kila siku saa nne kwa miaka tisa. Alimwita kwa sauti ya kuwaitia wote, akamwuliza ana uhusiano gani na mgonjwa.

"Si unanijua," karani alisema.

"Lazima niandike."

"Mke."

Watu wa benchi waliinua vichwa wakamtazama mke, halafu wakamtazama mume na ndara zake. Karani alirudi kukaa masikio yakimchoma. Hakukasirika na mwenzake. Hata yeye, kwa kweli, angeuliza vilevile, na angeuliza kwa sauti ile ile.

Daktari alikuwa mwanamke mpole wa miaka thelathini na kitu, aliyemwita karani mama tangu siku ya kwanza alipohamia hospitali hiyo. Karani alikuwa akimpenda kwa ajili ya mwandiko wake, ambao kati ya madaktari wote ndio uliosomeka. Daktari alianza na Mizani, akapata majibu ya neno moja moja, mengine kwa kutikisa kichwa. Kisha akawageukia wanawake wawili. Ameanza lini? Analalaje? Anakulaje? Amewahi kusema afadhali afe? Hapo karani alisema kweli tupu, kwa kuwa kweli ilikuwa inamfaa. Alipanga majibu yake moja baada ya jingine, kwa utaratibu ule ule wa kitabu, mpaka daktari akainua macho akamtazama.

"Sasa nisikilizeni vizuri," daktari alisema. "Kuna wakati wowote, hata wa zamani, aliwahi kuwa kinyume cha hivi? Halali siku kadhaa na wala hachoki, anaongea bila kituo, ana mipango chungu nzima, anatumia asichokuwa nacho, anajiona anaweza lolote?"

Mama mkwe alicheka. Kilikuwa kicheko kidogo cha mtu aliyekumbushwa kitu kitamu. "Labda ile siku ambayo—"

"Mama," karani alisema, akamwekea mkono juu ya goti, mkono mzito. Kisha akamgeukia daktari. "Hapana, daktari. Hajawahi."

Bibi alichotaka kusema ni ile ya rangi. Kila familia ina kisa chake cha kuchekeshea wageni, na ile ya rangi ndiyo ilikuwa yao. Miaka kumi na minne iliyopita, alipozaliwa binti yao wa pekee, Mizani alichukua rangi kwa mkopo dukani akaipaka nyumba ya mwenye nyumba bila kuombwa. Kuta njano, milango buluu. Hakulala siku sita. Alipomaliza nyumba akapaka ua wa jirani, alipomaliza ua akapaka mkokoteni wa muuza maji, madumu yakiwa juu yake, na siku ya sita walimkuta kwenye kilele cha tangi la maji la mtaa na kopo mkononi, anaimba, anasema kuanzia leo mtaa huu utaonekana kutoka mbinguni. Dada yake Mizani, wifi yake karani, alikuwa hodari wa kuigiza hapo penye tangi. Alipanda juu ya kiti, akatia na chumvi yake, na watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Kisa kiliishia hapo. Mwezi uliofuata, ambao Mizani aliulala wote amejifunika gubigubi na watu wakasema ni uchovu, haukuwa na cha kuchekesha, kwa hiyo hakuna aliyewahi kuusimulia.

Daktari aliandika. Karani aliisoma namba kichwa chini miguu juu, kama alivyozoea, na moyo ukamtua. Ilikuwa thelathini na mbili.

Ukumbini mama mkwe alitaka kujua kwa nini amenyamazishwa kama mtoto. Karani alimweleza kwamba wakiisikia ile ya rangi watamwandika ugonjwa mwingine, na akiandikwa huo, kreni kwaheri. Bibi akasema lakini ile ilikuwa mchezo tu. Karani akasema ndiyo maana haina haja ya kutajwa. Bibi, ambaye hakuwa mjinga, akauliza kama ni mchezo, mbona unaogopwa hivyo. Karani alijitia hamnazo, akamshika mumewe mkono, wakatoka.

Mchana huo faili lilipitishwa dirishani pamoja na mengine kumi na moja. Aliingiza namba ya mumewe kwenye rejista, akapuliza wino ukakauka.

*

Vidonge vilifanya kazi. Wiki ya tatu Mizani alinyoa ndevu. Wiki ya nne alilalamika kwamba supu haina chumvi, na mama yake akaenda jikoni kulia kwa furaha. Wiki ya sita alirudishwa kliniki, daktari akauliza habari za usingizi, karani akasema analala. Daktari akatia sahihi. Jumatatu iliyofuata Mizani alipanda ngazi ya kreni yake, na wapagazi wakamwekea glasi ya maji kumkaribisha. Hayakumwagika.

Kisha akaanza kuamka kabla ya jogoo wa jirani. Akisha kuamka anaosha madirisha. Siku moja alitengeneza redio ya jirani, ambayo haikuwa imeharibika. Mezani aliongea mdomo umejaa, akazicheka hadithi zake kabla hajafika mwisho, akamwahidi binti yake baiskeli, halafu baiskeli mbili ili rafiki yake asijisikie vibaya. Mama mkwe alisema mwanangu amerudi, tena amerudi na faida. Alifungasha nguo zake ili arudi kwake, akafungua tena kwa kuwa nyumba ilikuwa imechangamka.

Karani naye alifurahi. Alifurahi kwa makusudi. Ile orodha ya dalili aliijua kwa moyo, na kila asubuhi aliipitia kichwani, na kila asubuhi alipata sababu ya kuruka mstari. Kulala kidogo: mtu aliyelala wiki tano amelala vya kutosha. Kuongea sana: ana maneno ya miezi. Kutumia ovyo: ahadi si matumizi, na baiskeli bado ziko dukani.

Ijumaa asubuhi binti yao aliingia chumbani kutafuta viatu vyake vya shule chini ya kitanda cha wazazi. Baba yake alikuwa ameshaondoka, kwa miguu, nusu saa kabla ya gari la kazi kupita. Binti alikuja jikoni amebeba kopo la rangi.

"Mama, yako tisa," alisema.

Karani alilipokea. Njano. Binti akasema mengine ni buluu, na moja ni nyekundu, ambayo haikuwamo kwenye hadithi.

"Huu ndio mwanzo wa ile wiki, siyo?" Hakuwa anacheka. Alikuwa amekua na kisa hicho kama wengine wanavyokua na picha ya ukutani, na hakuna aliyehitaji kumweleza. "Baba yuko kazini?"

"Yuko kazini."

"Juu?"

Karani aliketi na kopo mapajani. Akimpigia simu msimamizi, kreni imekwisha leo hii. Akisubiri mpaka jioni, Mizani atashuka mwenyewe, watamwona daktari kimyakimya, watapunguza dawa, na hakuna atakayejua. Alifikiri hivyo kwa muda wa birika kuchemka, na hilo ndilo ambalo baadaye hakuweza kujisamehe, kwamba chini ya kreni kulikuwa na watu na yeye alikaa akafikiri. Birika lilipoanza kupiga kelele alilizima, akatoka na viatu vya ndani.

*

Mlinzi wa geti alimwambia wake za wafanyakazi hawaruhusiwi, kuna siku yao ya kuleta familia na siyo leo. Kisha akatazama miguuni kwake, akaona viatu vile, akafungua.

Yadi ilikuwa inashangilia. Tangu alfajiri Mizani alikuwa ameshusha mzigo wa watu watatu, na wapagazi walisimama viganja viunoni wakimpigia miluzi. Makontena yalipita angani kwa kasi ambayo karani hakuwahi kuiona, moja likapita juu ya vichwa vya wanaume waliokuwa wamechuchumaa wakifunga minyororo. Chini alisimama mpiga ishara, yule anayemwelekeza mwendesha kreni kwa vibendera viwili. Alikuwa amevibana kwapani. Alipoulizwa alisema tangu saa kumi na mbili yule wa juu hamtazami, na yeye amechoka kumpepea mtu asiyeona.

Msimamizi wa yadi alikuwa na uso wa furaha ulioanza kuingiwa na wasiwasi. Karani alimwambia amshushe mumewe. Msimamizi akauliza kwa nini, hii ni kazi nzuri kuliko zote za mwaka huu.

"Ni mgonjwa," karani alisema.

"Fomu imesema amepona."

"Kwenye ile fomu nilidanganya mimi."

Msimamizi akashika redio ya upepo akamwamuru Mizani ashuke. Sauti ya Mizani ilijibu ikicheka, ikasema shuka nini, kabla ya saa sita ataimaliza yadi yote, na akiimaliza atayapanga haya makontena upya kwa rangi zake, yapendeze, yaonekane kutoka mbinguni.

Karani aliposikia neno hilo alinyoosha mkono, msimamizi akampa redio.

"Ni mimi," alisema. "Nimeyaona makopo."

Sauti ikarudi, safari hii ndogo, kama ya mtoto aliyekutwa na zawadi aliyoificha. "Umeyaona?"

"Yote tisa. Shuka unioneshe tunaanza na ukuta upi."

Kontena lililokuwa angani lilisimama. Likateremka taratibu, sawasawa, likagusa ardhi bila mlio. Kisha Mizani akatoka kwenye kibanda chake akashuka ngazi akiruka vidato, akaja mbio, akamshika mkewe mabega mbele ya watu wote. Safari hii, alisema, buluu ndiyo ya kuta na njano ndiyo ya milango, maana mara ya kwanza alikosea, amelifikiria hilo miaka yote. Macho yake yalikuwa na furaha ambayo karani hakuwa ameiona kwa miaka kumi na minne, na yeye alikuwa ameitumia kama chambo. Alimshika mkono. Wakatoka getini, mumewe akiongea, wakashika njia ya hospitali.

*

Mizani alipokuwa chumba cha pili akimweleza nesi jinsi wodi inavyopaswa kupakwa, karani alikaa mbele ya daktari akasimulia ile ya rangi tangu mwanzo. Ilikuwa mara ya kwanza kuisimulia bila mtu kucheka, na alishangaa ilivyo fupi. Alipofika kwenye tangi hakuishia hapo. Akasimulia na ule mwezi.

"Nilikuuliza, mama," daktari alisema.

"Uliniuliza."

"Dawa niliyompa ni ya huzuni peke yake. Mtu wa kupanda na kushuka ukimpa hiyo bila dawa nyingine ya kumshikilia, unaweza kumsukuma juu. Na huyu kazi yake ni huko huko juu, na chini kuna watu."

Hakupandisha sauti. Karani angeona afadhali kama angefokewa. Aliuliza, kwa kuwa lilikuwa limemkaa rohoni tangu siku ya fomu, kama kitabu hakina namba ya katikati, ya mtu aliyepanda mara moja tu katika maisha yake. Mara mbili, daktari alimsahihisha, ukihesabu ya leo. Kisha akafunga faili, akaweka viganja juu yake.

"Kile kitabu kiliandikwa na watu waliokaa mezani wakakubaliana. Kesho watakaa tena wabadilishe. Wewe mwenyewe umewahi kuwahamisha watu mwaka mzima, umenisimulia. Sikiapii. Lakini kitabu hakimjui mumeo, na mimi simjui. Tunajua mnachotuambia nyinyi. Ukinificha nusu ya mtu, natibu nusu iliyobaki."

Mizani alilazwa. Saa nane mchana faili lake lilipitishwa dirishani. Mwenzake wa dirisha la kadi alikuja akasimama nyuma ya kiti cha karani, akasema kwa sauti ya chini, ambayo kumbe alikuwa nayo, kwamba akitaka yeye anaweza kumwandikia. Karani alimshukuru, akakataa.

Sheria ya rejista ni kwamba hakifutwi kitu. Unaweka rula, unapiga mstari mmoja mwekundu, unaandika namba mpya juu yake, unatia sahihi pembeni. Alifanya hivyo. Thelathini na moja ilikaa vizuri, kwa mwandiko ule ule wa siku zote. Kisha macho yake yakateremka kwenye mistari mingine ya ukurasa, yote ishirini na mitano, na kwa mara ya kwanza ikamjia kwamba kila mmoja ulikuwa na nyumba, na ndani ya nyumba mtu aliyeulizwa akajibu. Alikwenda chooni akalia. Alinawa uso, akarudi, akamaliza mafaili yaliyobaki.

*

Kampuni haikuchelewa. Kreni alipewa mwingine, kijana aliyekuwa akitua makontena kwa kishindo. Baada ya vikao viwili Mizani alipewa vibendera, kwa kuwa vibendera si mtambo, na mshahara ukapunguzwa ulingane na vibendera. Yule mpiga ishara wa zamani alihamishiwa ghalani. Siku ya kwanza wapagazi hawakujua wamwite nani, maana jina la Mizani lilikuwa la kule juu kwenye kreni, na walipozoea wakaendelea kumwita hivyo hivyo.

Alikuwa ametoka hospitali mtulivu, mzito kidogo wa ulimi kwa sababu ya dawa mpya, mikono ikimtetemeka kiasi cha kuonekana akishika kikombe. Jioni moja alimwuliza mkewe kama ni yeye aliyemwandika. Karani akasema ni yeye, mara zote mbili.

"Ile ya kwanza," Mizani alisema, "ulinificha mimi au uliificha kreni?"

Karani alifikiria kumwambia alimficha yeye. "Kreni," alisema.

Mizani aliitikia kwa kichwa. Kisha akasema afadhali mkewe amesema kweli, kwa sababu yeye naye angeificha, na sasa wote wawili hawana kreni ya kuificha. Lilikuwa karibu na utani kuliko chochote alichosema wiki hiyo. Makopo tisa yalirudishwa dukani, na mwenye duka akayapokea manane. La njano lilikuwa limeshafunguliwa.

Hospitalini kilibadilika kitu kidogo. Daktari aliongeza swali lake mwenyewe, ambalo halimo kwenye kitabu, akaliandika kwa penseli ukingoni mwa karatasi yake: nyumbani mna kisa gani chake ambacho huwa mnakicheka? Wengi hushangaa. Wanaoanza kucheka ndio huwasogezea kiti.

Jumapili moja wifi alikuja na mchumba wake, mwashi mwenye haya aliyekuwa hajawahi kufika pale. Mama mkwe alileta chai kwenye sinia. Mchumba alikuwa mgeni, na mgeni hupewa kile kisa, kwa hiyo wifi, kwa mazoea tu na bila ubaya wowote, akavuta kiti akapanda juu yake, akasema mchumba wake bado hajasikia ile ya rangi.

"Wifi, acha," karani alisema.

"Mwache," alisema Mizani. "Ila leo nasimulia mwenyewe. Yeye aigize."

Akasimulia. Alikwenda taratibu, ulimi ukimkwama hapa na pale, lakini alikuwa na mambo ambayo wengine hawakuwa nayo: harufu ya ile buluu, na muuza maji alivyokubali mkokoteni upakwe kisha akajuta. Mwashi alicheka mpaka akaweka kikombe chini. Wifi juu ya kiti alinyoosha mkono na brashi isiyokuwepo, akaimba. Mtaa utaonekana kutoka mbinguni. Wote wakacheka isipokuwa karani na binti yake, na wifi akasubiri makofi, kwa kuwa kisa kilikuwa kimefika mwisho.

"Halafu wakanishusha," Mizani alisema.

Wifi alibaki na mkono hewani.

"Wakanishusha, nikalala mwezi mzima. Na mwezi huo wote nilikuwa nalifikiria lile tangi. Si kulipaka. Nilifikiria kupanda tena usiku, watu wakiwa wamelala, nijiachie. Nilikuwa nahesabu hatua kutoka kitandani mpaka pale. Ni mia mbili na kumi."

Binti alisogea akakaa karibu na baba yake, akamshikia kikombe kilichokuwa kinatetemeka. Mama mkwe alikuwa bado ameshika sinia.

"Mwanangu," alisema. "Mwezi wote ule nilikuwa nakuletea chakula mimi. Nilikuwa naketi hapo miguuni kwako. Mbona hukuniambia?"

Mizani alimtazama mama yake. Hakukuwa na lawama usoni mwake, wala sauti yake haikubadilika.

"Mlikuwa mnacheka, mama."

Wifi akashuka kwenye kiti, taratibu, mguu mmoja kwanza kisha wa pili.